Senene Kumi na Nyasi za Mama

Mimi nina hasira za karibu, na sioni aibu kusema. Mteja akiingia dukani kwangu Miembeni akaniambia spea ninazouza ni feki, namwonyesha mlango kabla hajamaliza sentensi. Ndiyo maana siku ile afande wa usalama barabarani alipotuita "nyie watoto wa vigari", mwenzangu fundi alinikanyaga mguu chini ya meza. Ananijua. Nikameza mate, nikatabasamu kama niko kwenye picha ya kipaimara. Mwanamke wa miaka arobaini na minne, naimba sauti ya pili kwenye kwaya ya Kilutheri, nauza spea za pikipiki miaka nenda rudi, halafu naitwa mtoto.

Lakini sisi ndio tuliomfuata, si yeye aliyetufuata. Tulitaka barabara.

Vigari vyenyewe ni hivi. Unachukua mabomba ya chuma ya mraba, unayachomelea mpaka upate fremu ndefu, nyembamba. Nyuma unaweka injini ya pikipiki, mnyororo unazungusha ekseli, na kwenye pembe nne unafunga magurudumu ya bajaji. Hakuna paa, hakuna mlango, hakuna bati la kuficha kitu. Magurudumu yanakaa nje kabisa, mbali na mwili, na dereva analala karibu chali, miguu mbele, makalio yakiwa shubiri moja tu juu ya ardhi. Watu wa Bukoba walipoviona mara ya kwanza waliviita senene, kama wale panzi wetu wa kuliwa, kwa jinsi miguu ilivyochomoza pembeni, na jina likaganda. Ukiwa ndani, mwendo ambao kwenye basi ungekufanya usinzie unakutoa machozi.

Mwaka wa kwanza tulikuwa watatu tu: fundi, ambaye ana karakana ya kuchomelea kule Ijuganyondo, mimi, na mwalimu mmoja wa hesabu. Tulishindana asubuhi za Jumamosi kwenye barabara ya vumbi nyuma ya karakana, tukisimama kila ng'ombe akitaka kuvuka. Mwaka wa pili tukawa sita, ingawa mwalimu alijitoa kwa amri ya mke wake, akabaki kutushikia bendera. Baadaye wakaja waendesha bodaboda wawili na muuguzi mmoja ambaye, nakuambia, kwenye kona hana huruma hata chembe. Watu wakawa wanakuja dukani kuulizia ekseli badala ya plagi. Mwaka wa tatu zikafika senene tisa, na mimi nilikuwa nikihesabu kila asubuhi kama mtu anayehesabu vifaranga. Barabara ya Ijuganyondo ilikuwa imeshatushinda. Tisa kwenye njia ya ng'ombe ni kutafutana vifo.

Afande alitusikiliza mpaka mwisho, lazima niseme ukweli. Kisha akaweka kalamu chini.

"Mkifika kumi, nitawafungia barabara ya changarawe inayozunguka Ijumbi, asubuhi moja," alisema. "Kumi zianze, kumi zimalize, asiumie mtu hata kidole. Ikiwa hivyo, barabara ni yenu kila mwaka. Moja ikibaki njiani, nisiwaone tena ofisini kwangu."

Fundi akauliza, "Zimalize kwa muda gani, afande?"

"Hata mkimaliza jioni. Mimi nitahesabu zinazovuka mstari."

Tulitoka pale tukitembea haraka, kila mmoja akiogopa afande asije akabadili mawazo. Tulipofika nje fundi alinikumbatia mbele ya mahabusu na askari, na fundi si mtu wa kukumbatia watu.

Kwa hiyo ilibaki moja. Wa kumi alitokea dukani kwangu wiki chache baadaye, mchuuzi wa samaki kutoka visiwani Muleba, mtu wa ng'ambo ya ziwa aliyekuja kufuata sangara na akabaki. Alikuwa anatafuta sili ya injini ya boti. Senene yangu ilikuwa nje, chini ya kibaraza. Akaizunguka mara tatu, halafu akaingia na kulala ndani bila kuuliza mtu. Nilitoka nimeshakunja uso tayari. Nikamkuta anacheka peke yake, mikono kwenye usukani, anatoa mlio wa injini kwa mdomo.

"Dada, hii unauza?"

"Siuzi. Tengeneza yako."

"Haya, nitatengeneza."

Thubutu, nilijisemea, nikamfungia sili yake akaenda. Kumbe mtu alikuwa na nia: alinitumia picha ya fremu yake, tukapanga siku na afande. Siku mbili kabla ya mashindano alinipigia simu, upepo ukivuma kwenye spika, akaniambia senene yake iko ndani ya boti pamoja na mzigo wa dagaa, na nisije nikalalamika harufu. Nilipiga kelele mpaka jirani yangu wa duka la vitambaa akaja kuuliza nani amekufa.

Sasa nieleze kosa langu, maana kosa lilikuwa langu.

Ijumbi ni kwetu. Nimezaliwa pale, na mama yangu bado anaishi pale, kwenye kibanja chetu cha migomba na kahawa. Barabara ya mashindano inapita mlangoni kwake, na mlangoni kwake ndipo ilipo kona mbaya kuliko zote: mteremko, kisha unakunja kulia ghafla, na kushoto kuna mtaro. Mwezi mmoja kabla, fundi na mwalimu walinituma mimi niende nikaongee na kijiji, kwa kuwa ni mtoto wa pale. Nilisimama baada ya ibada nikazungumza Kihaya changu chote. Niliwaeleza habari za kufunga mbuzi na kuwashika watoto. Nilipoona wananitazama tu, nikataka kuwagusa moyo. Nikasema, "Tunawaletea wageni. Wanatoka mjini, wengine wanatoka visiwani. Tunaomba muwapokee vizuri."

Hapo karibu kina mama wote waliitikia kwa vichwa. Nikakaa chini nimejaa sifa.

Mama alikuwa benchi la nyuma na wenzake, mikono mapajani. Yeye hakuitikia. Tulipofika nyumbani akaniwekea chakula, ndizi na maharage, akasubiri nianze kula.

"Mwanamke wa kwaya," alisema, "analala chali barabarani, watu wanatazama."

"Mama, navaa ovaroli. Na kofia ngumu."

"Kofia ngumu inaficha uso wako. Mimi uso wangu wanaujua." Akanisogezea maharage. "Siku hiyo sitatoka nje."

Mama hagombi. Akishasema hivyo, ameshafunga mlango. Iliniuma, sitadanganya. Nilikuwa na watu tisa wa kunishangilia na mmoja wa kuninyima, na yule mmoja ndiye niliyemtaka. Nikala, nikaosha sahani, nikarudi mjini nikiendesha pikipiki vibaya.

Asubuhi ya mashindano, jamani, ningekuwa na uwezo ningeiweka kwenye chupa. Mvua ilikuwa imenyesha kidogo jana yake na kuua vumbi. Senene kumi zilipangwa mbilimbili mbele ya ghala la kahawa, na ile ya mchuuzi ilikuwa na magamba ya samaki mpaka kwenye kiti. Ukuta wa watu pande zote mbili. Mchungaji aliomba kwa kifupi, Mungu ambariki. Afande alisimama kwenye mstari na daftari, buti zinang'aa, uso hausomeki. Nilipowasha injini na ile mitetemo ikanipanda mgongoni, nikacheka ndani ya kofia kama mwendawazimu.

Ilikuwa mizunguko mitatu. Bendera ikashuka, tukaondoka.

Mzunguko wa kwanza nilikuwa wa nne. Muuguzi alinipita kwa ndani bila hata salamu, nikamlaani, kisha nikamrudia kwenye mlima kwa sababu yeye ni mzito kuliko mimi, na nilimwambia hivyo baadaye. Tuliposhuka kuelekea kona ya kwetu niliwaona kina mama wanatoka rweya, ule uwanda wa nyasi nyuma ya migomba, wamejitwika mizigo ya nyasi mbichi. Nikadhani wanaenda kutandaza kwenye vibanja vyao, kazi ya kila siku. Nikakata kona, nikasahau.

Mzunguko wa pili nikawa wa pili. Mbele alikuwa fundi peke yake, fundi ambaye kwa miaka mitatu nimekula vumbi lake. Mchuuzi alikuwa nyuma yangu, nikisikia injini yake inakohoa na yeye mwenyewe anaimba. Tukashuka tena kwenye kona, na pale kandokando ya barabara, katikati ya wenzake, nikamwona mama. Alikuwa amevaa kitenge chake cha Krismasi. Amesimama wima, mzigo wa nyasi miguuni, ananitazama. Nilikosa gia, injini ikalia bure, nikaipata tena. Ametoka nje. Nilirudia maneno hayo kwa sauti njia nzima: ametoka nje, ametoka nje.

Labda hiyo ndiyo ilinipa nguvu. Kwenye mlima wa ghala fundi alichelewa kubadili gia, nikampita, na mchuuzi akanifuata. Haki ya Mungu nilimpita. Niliona usoni kwake kwamba hakuamini. Kwa mara ya kwanza katika maisha yangu sikuwa na kitu mbele isipokuwa barabara, watu wanarusha kofia juu, na nilijua kabisa kwamba nikifika mwisho hivi, jina la mshindi wa kwanza wa Ijumbi litakuwa langu.

Nikafika juu ya mteremko wa kwetu, nikatazama chini.

Kona yote ilikuwa kijani. Kuanzia mtaroni mpaka ukingo wa pili walikuwa wametandaza nyasi, nene, laini, zimelazwa upande mmoja kama zinavyolazwa sakafuni nyumba ikisubiri wageni wa heshima. Kina mama wamekaa pembezoni, miguu wameikunja, nguo safi. Na mwalimu wetu wa bendera, tuliyempanga alinde kona ile, yuko nyuma yao, bendera ameikunja kwapani.

Nyasi mbichi juu ya changarawe yenye unyevu ni sabuni. Ukipita kwa mwendo ule huendi kulia, unakwenda moja kwa moja walikokaa kina mama. Sitajifanya mtakatifu: wazo langu la kwanza lilikuwa kwamba mimi nitaweza. Nimekulia kwenye nyasi zile, nikiachia mafuta mapema, nisikanyage breki, nitapenya. Lakini nyuma yangu kulikuwa na tisa, na mchuuzi hajawahi kuona nyasi zikitandazwa maishani mwake. Moja tu ikilala mtaroni, barabara imekwenda.

Nikanyoosha mkono juu na kukanyaga breki. Senene ikageuka ubavu, ikateleza, magurudumu ya nyuma yakaingia kwenye ukingo wa nyasi, ikasimama ikiwa imekata njia. Mchuuzi alisimama tairi lake likigusa langu. Nyuma zikalia breki moja baada ya nyingine mpaka ikawa kimya, unasikia kuku tu.

"Dada, umechanganyikiwa?" mchuuzi akaniuliza.

Nilishavua kofia, namwendea mama, hasira zimefika shingoni.

"Mama, mmefanya nini?"

Alinitazama kwa utulivu unaoudhi. "Ulisema wageni."

"Mama, haya ni mashindano."

"Wamepita mlangoni kwangu mara mbili bila kukaribishwa. Mara ya tatu tungewaachaje? Watasema Ijumbi hakuna watu."

Nilimgeukia mwalimu. Akanong'ona, "Ningewaambia nini? Nusu yao ni wakwe zangu." Na ni kweli ameoa pale, na sisi ndio tuliompanga mkwe wa kijiji asimame kuwafukuza mama wakwe. Hilo nalo tuliliona la busara.

Fundi akasema kwa sauti ndogo tuzifagie haraka tuendelee. Nikamtazama mpaka akaona haya. Yeye mwenyewe ni Mhaya, anajua. Nyasi ukitandaziwa huziondoi kabla hujazikanyaga. Ni kama kumrudishia mtu mkono aliokupa.

"Vueni viatu," nikasema. "Tunasukuma."

"Viatu?" mchuuzi akauliza.

"Vua."

Basi ukaona kioja. Madereva kumi wa mashindano, miguu peku, wanasukuma senene zao polepole juu ya nyasi, magurudumu hayatoi sauti. Kina mama wakawa wanampokea kila mmoja kwa mikono miwili, "Karibu, waitu, karibu," kwa heshima ya Kihaya, na kumtilia kiganjani punje za kahawa za kutafuna. Muuguzi, yule asiye na huruma, alikuwa anafuta macho. Mchuuzi alitafuna, akakunja uso, kisha akaomba nyingine. Akaniambia miaka yote ameishi visiwani, akija nchi kavu watu wanamuuliza bei ya samaki tu, hajawahi kutandaziwa kitu. Hasira zangu ziliisha hapo, sijui zilikwenda wapi.

Afande alikuja mbio kwa pikipiki kuona kwa nini injini zimenyamaza. Alipotaka kukanyaga kwenye kona, mama akamwonyesha buti kwa kidole. Afande akanitazama mimi, akamtazama mama, akainama kufungua kamba.

Upande wa pili wa kona tukaanza kusukumana ili injini zishike. Mchuuzi akaondoka kwanza, anacheka. Muuguzi. Fundi. Wote kwa zamu, na mimi niliyewasimamisha nilitaka kuwa wa mwisho. Ya tisa ilipoondoka nikaingia kwenye yangu, mwalimu akasukuma, nikaachia klachi. Kitu kikalia kraa, halafu hakuna. Nikashuka. Nyasi zilikuwa zimejisokota kwenye mnyororo pale nilipoteleza, nene kama kamba ya kufungia ng'ombe, na mnyororo umekatika. Mimi, muuza minyororo, sikuwa na hata pingili moja ya akiba mfukoni.

Toka pale mpaka mstari ni kama nusu kilomita, yote mlima.

"Hii ni ya kumi," afande akasema taratibu. Hakusema kwa ubaya. Alipanda pikipiki yake, buti kazining'iniza kwenye usukani, akaondoka kwenda kuhesabu.

Nikasukuma. Mwalimu alisukuma na mimi, mkono wangu mmoja kwenye usukani, tukaenda hatua ishirini, senene ikakunja yenyewe ikaelekea mtaroni. Nikarudisha. Ikaenda tena mtaroni. Nilianza kulia, kilio cha hasira. Miaka mitatu, senene kumi, na ile itakayotukosesha barabara ni yangu mimi, kwenye kona ya mama yangu.

Nikasikia mtu anakunja kitenge nyuma yangu. Mama alikuwa ameweka mikono yote miwili kwenye bomba la nyuma, juu ya injini. Pembeni yake wenzake sita, na wengine wanakuja.

"Nani ataiongoza?" akauliza.

"Mama, acha, utachafuka."

"Ingia ulale," akasema. "Hatuwezi kusukuma na kuongoza."

Nikaingia. Nikalala chali barabarani, bila kofia, mbele ya kijiji kizima, na mama yangu akanisukuma. Walianza kuimba wimbo wa kupokea bibi harusi, kwa sababu ndio wanaoujua wote, na nyayo zao zikapiga nyuma ya kichwa changu kwa pamoja. Sikuwaona. Niliona mbingu, migomba ikipita taratibu, na watu wakitoka kila upande wakitukimbilia. Kwenye sehemu kali ya mlima walisimama mara mbili kupumua. Mara zote mbili mama ndiye aliyesema twende.

Juu, senene tisa zilikuwa zimepangwa pembeni, madereva wamesimama juu ya viti vyao. Mchuuzi ndiye aliyeshinda, lakini hakuna aliyekuwa anamtazama, hata yeye mwenyewe hakujitazama. Afande alikuwa kwenye mstari, peku, daftari mkononi. Magurudumu ya mbele yakavuka, kisha ya nyuma. Alitazama chini kwa muda ambao kwangu ulikuwa mrefu kuliko mashindano yote.

"Kumi," akasema, akaandika.

Kelele zilizofuata siwezi kuzieleza. Fundi alinivuta nje ya kiti kwa kwapa, muuguzi akanirukia shingoni. Nilipoponyoka nikamtafuta mama. Alikuwa bado nyuma ya senene, anahema, anatazama viganja vyake vilivyojaa weusi. Kitenge cha Krismasi kilikuwa na doa refu kutoka kifuani mpaka magotini. Akainama, akapitisha kidole chini ya injini, akanionyesha.

"Inavuja," alisema. "Mwakani uje nayo imetengenezwa."